Bei ni Maelewano

Mimi ni mwandishi. Si wa vitabu,
wa mbao. Kibanda changu kiko Shauri Moyo,
nyuma ya wauza mabati, mahali nyundo
hazimwachi mtu afikiri mpaka jua litue.

Mwaka wa kura ndio masika yangu.
Wa kijani walikuja: "Fundi Agesa,
tuandikie MABADILIKO, herufi nene."
Juma lililofuata wakaja wa njano.
Nao walitaka MABADILIKO,
ila nene zaidi kidogo.
Kielelezo nilishakikata kwenye katoni,
nikabadilisha mkebe tu.
Pande zote mbili bado zina deni langu.

Kisha akaja kijana wa kanjo na ndoo ya rangi nyekundu,
akaomba kuazima brashi ya inchi nne.
Nikampa. Nani humnyima kanjo brashi?
Alfajiri nikaikuta alama ya X
mlangoni pa Kasyoka mshona viatu,
kwenye meza ya chai ya Nyanchama,
na kwangu, juu kabisa ya leseni
niliyoilipia Machi.
Mkono wake mbaya. Rangi ilichuruzika.
Niliona aibu kwa kazi chafu
iliyofanywa na brashi yangu.

Kasyoka hakulia. Alihesabu kwa vidole:
nimelipa leseni,
nimelipa ya taka, taka hizo hapo,
nimelipa ya zimamoto,
na moto ulipokuja tuliuzima kwa karai.
Serikali ina mkono mrefu, watu husema.
Mrefu, naam.
Usiku ule sikuuona ukishika karai.

Msinielewe vibaya.
Lami ya Landhies sikuimwaga mimi, na huipita kila siku.
Binti yangu Kageha alizaliwa Pumwani, mikononi mwa mkunga
aliyekuwa hajaona mshahara miezi mitatu.
Hilo hunikosesha usingizi:
alimpokea mtoto wangu kwa amri ya nani?

Kageha ananiona nimekauka
kama brashi iliyolala bila kuoshwa.
Juni alitaka bango. Nikamwandikia, bure,
HAKI, kwa samawati iliyobaki ya kinyozi.
Nikamuuliza: mnamwomba nani hiyo haki?
Akasema: tunawaondoa hawa, tuweke wetu.
Nikasema: mwanangu, kiti ni kilekile,
nimeshakipaka rangi mara tano.
Akasema: na ukikaa kimya, baba, hawatakula?
Sikuwa na jibu. Sina hata leo.
Jioni alirudi macho yamevimba kwa moshi wao,
nikamwosha kwa maji ya mtungi, polepole,
na hatukuzungumza habari za siasa.

Siku ya kura nilifungua saa moja.
Mtaa mzima ulikuwa kwenye foleni.
Nyanchama alipita akanionyesha kidole chenye wino:
"Wewe hujapiga?"
Nikamwonyesha vyangu, vyote kumi,
kijani, njano, nyekundu, samawati.
Akacheka mpaka akashika nguzo.

Adhuhuri akaja Kasyoka na kipande cha mbao,
ule mlango wake wa zamani, aliokuwa ameukata.
X ilikuwa imebaki nusu.
Kibanda amekihamishia ng'ambo ya mtaro,
kwa fedha za chama chao,
akina mama kumi na wanne na daftari moja la shule,
lisilo na mhuri, wala askari, wala shilingi iliyopotea
tangu Kageha akiwa darasa la pili.
"Niandikie kitu," akasema.
"Niandike nini?"
Akafikiri. "Andika ukweli."

Nikachovya nyeusi. Mkono ulitulia
jinsi haukutulia mwaka mzima.
VIATU HUSHONWA HAPA.
Na chini, kwa herufi ndogo,
juu ya ile nusu ya X:
BEI NI MAELEWANO.

Akauliza anidai... samahani, nimdai kiasi gani.
Nikamwelekeza asome mstari wa mwisho.
Tukaketi kwenye makopo ya rangi, yeye na mimi,
tukaanza kubishana.